Siku Jeneza Lilipotoka Bila Mtani

Mama yangu alifariki Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akazikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri. Kati ya saa hizo mbili kulikuwa na muda wa kutosha kwa mtani wake kutoka Urambo, kufika Tabora, kunywa chai na kupumzika. Mabasi ya asubuhi huondoka Urambo mapema, na lami siku hizi inafika hadi kule. Nimepiga hesabu ya muda huo mara nyingi kuliko inavyofaa, na kila mara jibu ni lilelile: angefika. Ninaandika haya ili nieleze kwa nini hakufika, na sehemu yangu katika jambo hilo.

Kazi yangu ni kujalidi vitabu. Nina chumba kimoja mjini Tabora, nimekipanga kwa mfanyabiashara wa Kihindi anayeuza vitambaa katika duka la mbele. Niliishia darasa la saba. Mengine niliyasoma mezani kwangu, katika vitabu vilivyoletwa vikiwa vimekatika mgongo: vya dini kutoka seminari ya Kipalapala, misahafu ya misikiti ya mjini, vitabu vya mawakili, rejista za shule. Kazi hii imenizoesha kupanga kurasa kwa mfuatano na kuandika kila kitu. Ndiyo maana mtaani kwetu Ng'ambo, mtu akifa, walikuja kwangu. Nilikuwa na daftari lenye majina ya watu wetu wote waliohama, walipo, simu zao, na nani ampigie nani. Mtu mmoja aliwapigia watatu, na hao watatu kila mmoja wake watatu. Kufikia saa nne asubuhi, Nzega, Kigoma na Dar es Salaam walikuwa wameshapata habari.

Miaka kumi na moja iliyopita nikaanzisha kundi la mtaa wetu kwenye mtandao. Sababu ilikuwa nzuri. Watu wawili walikosa mazishi ya baba yao mdogo kwa kuwa mtu wa katikati ya mnyororo alizima simu. Nikaona kwamba kundi halizimi simu. Ukiandika mara moja, wote wanasoma. Mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo kweli. Nilikuwa naandika tangazo la msiba nikiwa nimesimama, na kabla sijavaa viatu pole zilikuwa zimeanza kuingia kutoka Mwanza.

Dada yangu, ambaye alikuwa akiishi na mama, hakulipenda sana.

"Kaka, lile daftari lako usilitupe," aliniambia.

"Silitupi. Liko kwenye kabati."

"Sijasema kabati. Nimesema usilitupe."

Sikulitupa. Niliacha tu kulisahihisha. Watu walibadilisha namba, wakahama, wakafa, na daftari likabaki likisema mambo ya zamani. Kwa mtu wa kazi yangu hilo ni kosa, na nililijua.

Sasa niseme habari za mtani. Sisi ni Wanyamwezi, na kila mtu wa huku anajua kwamba watani wetu wakubwa ni watu wa pwani, Wazaramo hasa. Wazee walisema utani ulitokana na misafara. Babu zetu walibeba pembe na nguo kwa miguu, miezi mitatu njiani, na walipofika pwani wakiwa wamechoka na wageni, wenyeji waliwapokea kwa matusi na chakula. Huwezi kumkasirikia mtu anayekutukana huku akikupakulia. Mtani wa mama alikuwa mwanamke wa Kizaramo aliyezaliwa Tabora; baba yake aliletwa na kazi ya reli. Nyumba yao ilitazamana na yetu. Yeye na mama yangu walitukanana kwa zaidi ya miaka arobaini, kila siku, kwa sauti, barabara ikiwa katikati. Alipofiwa na mumewe akahamia Urambo kwa binti yake, ambaye analima tumbaku, tukadhani yamekwisha.

Kundi ndilo liliyafufua. Yule mama hakuwa msomaji mzuri, lakini binti yake alimfundisha kutuma ujumbe wa sauti. Ulikuja asubuhi, baada ya swala, na mtaa mzima ulisikiliza.

"Wewe mpagazi! Nasikia umeota mvi hadi kwenye nyusi. Mzigo gani huo umekugeuza hivyo? Mzigo wa babu yangu hamkuufikisha, mliula njiani!"

Mama alikuwa akinikabidhi simu nimbonyezee, kisha anaishika mbali na mdomo kama kipande cha moto.

"Babu yako alikuwa na mzigo gani, mtumwa wetu wee? Alikuwa na ngoma na tumbo. Mzaramo hata nazi anasubiri idondoke yenyewe, ikimwangukia kichwani anasema amefanya kazi!"

"Ukifa nitalala mlangoni nione watakutoaje."

"Lala tu, ndiyo kazi mnayoiweza. Watanipitisha juu yako, na nitahakikisha mmoja anakukanyaga."

Hilo la mlangoni halikuwa maneno matupu. Kwetu, maiti inapotolewa nyumbani, mtani husimama mlangoni na kuzuia jeneza. Anavaa kanga ya marehemu, anaigiza mwendo wake, anataja uchoyo wake na kukoroma kwake, anasema huyu hatoki mpaka tulipwe. Shehe wetu wa mtaa hakulipenda jambo hilo. Alikuwa akikohoa na kutazama saa. Lakini hakuwahi kulizuia, kwa sababu aliona linavyofanya kazi. Wafiwa ambao hawakuwa wamenyanyua kichwa tangu asubuhi hucheka bila kutaka, na wakishacheka ndipo wanaweza kulia vizuri. Wanampa mtani kitu chochote, hata kuku, hata shilingi, naye anasogea pembeni. Kwa hiyo anayeitoa maiti nyumbani si wachukuzi wa jeneza. Ni mtani. Mama aliniambia mara nyingi, bila mzaha hata kidogo: "Mimi nizuiwe na yule. Usiniletee mtani wa kuokota." Niliahidi.

Mtandao ulibadilika polepole, na nilichelewa kuelewa kwa kuwa kila badiliko lilikuwa dogo. Kwanza, matangazo hayakuja tena kwa mfuatano wa siku. Nilifungua asubuhi nikakuta harusi ya wiki mbili zilizopita iko juu, na msiba wa jana uko chini kabisa. Nilikasirika kama ninavyokasirika nikipewa kitabu chenye ukurasa wa themanini baada ya ukurasa wa kumi na mbili. Kisha yakaingia matangazo ya biashara katikati ya maneno yetu: kamari, mikopo ya haraka, dawa za nguvu za kiume. Mzee mmoja wa Nzega alitangaza kifo cha mkewe, na chini ya picha yake palikuwa na msichana anayecheka akionyesha tiketi ya mkeka wa kubashiri mpira. Mzee alidhani ni mimi nimeiweka. Alinipigia kuniuliza nimemkosea nini.

Kisha pakaja maneno haya chini ya kila tangazo langu: "Lipia ili lifikie watu wengi zaidi." Nilimwuliza mwenye nyumba wangu, kwa kuwa yeye ana ukurasa wa duka.

"Bosi, hii maana yake nini? Hao watu si wako ndani ya kundi tayari?"

"Fundi, wewe umechelewa kuamka," alisema, huku akikunja kitambaa. "Mimi nimekusanya wateja wangu mwenyewe, mmoja mmoja, miaka sita. Leo nalipia ili wanionyeshe kwa wateja wangu. Nisipolipa, naongea na ukuta."

"Lakini sisi hatuuzi kitu. Tunatangaza vifo."

Aliacha kukunja. "Basi ninyi ndio hamna faida kabisa kwao," alisema. Hakuwa anatania.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa la kanuni. Katika kundi letu mtu mmoja aliandika kwamba bibi fulani wa upande wa Nzega ndiye anayeua watoto wa ukoo wake. Aliweka picha ya yule bibi. Kila mtu wa Tabora anajua maneno kama hayo yanaweza kufika wapi. Nilijaribu kuyafuta, nikashindwa: mtandao ulikuwa umekwisha kubadilisha uwezo wa wasimamizi, na chapisho lenye mjadala mkubwa halikuweza kuondolewa na mtu mmoja. Niliripoti. Nilijibiwa kwamba maneno yale hayakiuki viwango vya jamii. Yalikaa juu ya kundi siku tisa kwa kuwa watu waligombana chini yake bila kupumzika, na ugomvi ndio waliokuwa wakiuuza wenye mtandao. Yule bibi alihamishiwa kwa kaka yake asije akauawa. Wiki hiyohiyo ujumbe wa sauti wa mtani wa mama ukafutwa. Alikuwa amesema, "Mtumwa wangu, nakuja kukuchukua na kamba." Tuliambiwa maneno hayo yanakiuka viwango vya jamii.

Nilililia lile neno, jamii. Sisi tulikuwa watu wa barabara mbili na misikiti miwili, tuliozikana kwa vizazi vinne. Sikuelewa ni jamii gani nyingine waliyokuwa wakiilinda.

Baada ya hapo sauti ya mtani haikusikika tena. Nilidhani amezuiwa kwa siku thelathini, kama walivyoandika. Siku thelathini zikapita. Mama, ambaye miguu ilikuwa imeanza kuvimba na hakutoka tena nje, aliniuliza.

"Yule mvivu kanyamaza. Anaumwa?"

"Haumwi, mama. Ni mtandao. Nalishughulikia."

"Unalishughulikiaje?"

"Nimewaandikia."

"Umewaandikia akina nani?"

Sikuwajua. Kulikuwa na nafasi ya kuandika malalamiko, na mimi niliandika. Nilieleza utani ni nini, kwa mpangilio, kwa aya zenye namba. Nilieleza misafara. Nilieleza kwamba neno mtumwa kati ya Mzaramo na Mnyamwezi linatamkwa pande zote mbili, na kwamba asiyelisema ndiye anayetia mashaka. Niliandika barua kumi na moja katika miezi mitano, na nakala zake ninazo, nimezijalidi. Majibu yote yalikuwa sawa, neno kwa neno, na yalikuja kabla hata mtu hajaweza kusoma aya ya kwanza. Nilipaswa kutambua mapema kwamba naongea na mashine. Badala yake nilisahihisha hoja zangu na kuandika tena. Muda wote huo mabasi ya Urambo yalikuwa yakiondoka stendi kila asubuhi, nauli yake naimudu, na sikupanda hata siku moja.

Asubuhi ile ya Jumanne dada yangu alinipigia, akasema tu, "Njoo." Nilipofika mama alikuwa amekwisha kufunikwa. Nilikaa naye kidogo. Kisha nikafanya kazi yangu. Nilimtuma jirani msikitini ili wakatangaze kwenye kipaza sauti, na mimi nikaandika tangazo la kundi. Niliandika jina lake, ukoo wake, saa ya mazishi, makaburi. Hapo ningeishia tangazo lingepita. Lakini kwetu mtani haitwi kwa maneno ya adabu. Ukimwita kwa adabu, maana yake umemfukuza; anaweza kukataa kuja, na ana haki. Kwa hiyo nikaongeza mstari mmoja kwa ajili yake: "Na wewe mtumwa wetu uliyelala huko Urambo, mzigo wako uko mlangoni. Inuka uje, au tutakuja na kamba." Nilijua binti yake atamsomea. Niliubonyeza ukaenda, nikaona umetokea, nikaweka simu mfukoni.

Saa saba mchana dada yangu alinikuta uani.

"Urambo wamesemaje?"

"Nimetangaza kwenye kundi tangu asubuhi."

"Nimeuliza wamesemaje, kaka. Umempigia?"

Nilitoa simu, nikaliona tangazo langu liko pale pale juu, zima. Hakuna pole hata moja chini yake. Nilijiambia kuwa bando limeisha kwa watu, kuwa watu wako kazini, kuwa walio njiani hawaandiki. Dada alikwenda ofisini kwangu akalitoa daftari kabatini. Namba ya yule mama haikuwa ikitumika tena. Namba ya binti yake sikuwa nimewahi kuiandika.

Watu wa mtaani walikuja wengi, msikiti ulikuwa umewaita. Wanawake wakamwosha, wakamvisha sanda. Baada ya swala ya Alasiri wanaume wanne wakaliinua jeneza, wakafika mlangoni, na pale wakasimama. Hakuna aliyewaamuru, ni miguu yao tu iliyozoea. Mzee mmoja akauliza, "Mtani yuko wapi?" Watu wakageuka kunitazama. Nikatazama barabarani, upande wa stendi. Shehe hakukohoa safari hii. Alisubiri, nadhani dakika tano nzima, macho yake yakiwa chini. Kisha akasema kwa upole, "Tumpeleke." Jeneza la mama yangu likavuka kizingiti bila mtu kulizuia, kama kabati linalohamishwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Nyuma yangu nilimsikia dada yangu. Hakuwa analia bado. Alikuwa akisema, "Hivihivi? Hivihivi tu?"

Kesho yake asubuhi nilifungua kundi tena, nikalisoma tangazo langu kwa utaratibu kuanzia juu. Chini kabisa, kwa herufi za kijivu ambazo nilihitaji miwani ya kazi kuziona, paliandikwa: "Chapisho lako linakaguliwa. Kwa sasa linaonekana kwako tu." Na chini ya maneno hayo, kwa herufi kubwa za buluu: "Lipia ili lifikie watu wengi zaidi."

Tulisoma hitma siku ya tatu. Jumamosi nikapanda basi kwenda Urambo. Nilipanga maneno yangu njiani. Nilipofika Usoke nilikuwa nimeyapanga na kuyapangua mara tatu.

Nilimkuta barazani kwa binti yake, nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, ameketi kwenye mkeka akichambua majani, makubwa huku, yaliyochanika kule. Alikuwa amepungua mwili, lakini aliniona nikiwa bado langoni.

"Haa! Mpagazi kafika! Leo mbona mikono mitupu, mzigo umeula njiani?"

"Shikamoo."

"Shikamoo kawape wenye adabu. Keti hapo, usinikanyagie tumbaku na hayo makwato. Na yule mchawi wako? Hajafa tu? Au anasubiri nitangulie mimi ndipo anifuate?"

Binti yake alicheka ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa nimesimama. Katika utani ukipigwa lazima upige, na tangu utotoni sikuwahi kukosa neno mbele ya mwanamke yule. Yale niliyoyapanga kwenye basi yote yaliondoka. Yeye alicheka peke yake kidogo, akanitazama akisubiri, akacheka tena kwa kuonja. Kisha kicheko kikamwishia usoni. Akaliweka chini jani alilokuwa amelishika.

"Mwanangu," alisema. Hajawahi kuniita hivyo. "Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Hii iliyopita."

Akahesabu kwa vidole juu ya kanga yake. Alipofika Jumamosi alikitazama kidole hicho kwa muda mrefu.

"Nani alizuia mlango?"

"Hakuna mtu."

"Walimtoa tu?"

"Walimtoa tu."

Nilimweleza yote, la tangazo, la mashine, la barua. Nilieleza kwa mpangilio. Sidhani alisikiliza. Aliitisha simu yake, binti akaileta, naye akanionyesha. Kila asubuhi kwa miezi mitano alikuwa ametuma ujumbe kwenye kundi. Ulikuwa umejipanga pale, mmoja chini ya mwingine, kwake unaonekana umekwenda. Kwetu haukufika hata mmoja. Walimwachia mdomo wakamfunga sauti, bila kumwambia.

"Mimi nilidhani amekasirika," alisema. "Nimekaa hapa nikajiuliza, nimemwambia nini? Miaka yote hajakasirika, nimemtukania mume, nimemtukania pua, hajakasirika. Sasa nimesema nini? Nikawa namwambia maneno laini. Sikiliza."

Alibonyeza mmoja wa mwezi uliopita. Kwa kweli ulikuwa laini. Alikuwa akisema: "Wewe mpagazi, basi nijibu hata tusi moja. Nimekuachia nafasi."

Alitaka kuisikia sauti ya mama. Nilitafuta kwenye kundi, nikashuka chini, nikapita mikopo na dawa na kamari, nikaupata ule wa nazi. Nilipoubonyeza, kijana mmoja akaanza kuzungumza kwa furaha juu ya mchezo wa bahati nasibu. Siku hizi sauti za zamani hutanguliwa na tangazo, na huwezi kuliruka. Tulisubiri sote watatu, binti yake amesimama mlangoni na unga mikononi, mpaka yule kijana akamaliza. Kisha mama akasema kuhusu nazi inayomwangukia Mzaramo kichwani. Yule mama hakucheka wala hakulia. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia.

Nilipoaga, nilijaribu. Nilidhani labda naweza kurudisha kitu. Nikamwambia, "Haya, mtumwa wangu, nakuacha na majani yako. Siku yako ikifika tutakuzika umekaa, maana kusimama hujui."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, iliyokuwa ikinata kwa tumbaku. "Usiseme hivyo, mwanangu," alisema. "Nenda salama. Wasalimie nyumbani."

Nilijitoa usimamizi wa kundi. Lipo bado, sijui nani analisoma. Nimeandika daftari jipya na ninalisahihisha kila Ijumaa. Na kila mwezi, Jumamosi ya kwanza, ninakwenda Urambo. Ananipokea vizuri. Anaitikia shikamoo yangu kikamilifu, ananiwekea kiti badala ya mkeka, ananiuliza habari za watoto na za kazi, namwuliza habari za magoti na za mvua. Mara mbili nimemchokoza, akatabasamu kwa adabu na kuniongezea chai. Binti yake anatutazama kisha anaingia ndani. Tunakaa hivyo mpaka saa ya basi, tukisemezana kwa heshima, kama watu wawili waliokutana leo.